Kushauriwa Si Kuarifiwa

Vuguvugu la mageuzi katika nchi yetu lilianza kwa swali moja sahili: ni nani atungaye sheria, na amemwuliza nani kabla ya kuitunga? Swali hilo ndilo lililowatoa wananchi majumbani mwao Julai 1990. Ndilo lililoifanya sehemu ya 2A ya Katiba ya zamani ifutwe Desemba 1991. Ndilo pia lililowakutanisha viongozi wa dini mbalimbali katika jumba la Ufungamano Desemba 1999, walipokataa kuwaachia wabunge peke yao kazi ya kuandika Katiba mpya. Wako waliodhani kwamba swali hilo lilikwisha kujibiwa tarehe 27 Agosti 2010, siku Katiba ilipotangazwa rasmi. Sisi twasema halijajibiwa kikamilifu mpaka jibu lake lifike kwenye uwanja wa shule.

Twaandika haya kwa sababu elimu ya watoto wetu imo katika majira ya kutungiwa sheria upya. Jopokazi aliloliteua Rais William Ruto Septemba 2022, chini ya uenyekiti wa Profesa Raphael Munavu, lilikabidhi ripoti yake Agosti 2023. Baada ya hapo Wizara ya Elimu ilitayarisha rasimu za miswada kadhaa, ukiwemo ule wa kuchukua nafasi ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Sheria ya namna hii hugusa kila nyumba. Ndiyo isemayo ni malipo gani shule yaweza kudai, ni nani aketi katika halmashauri ya usimamizi, mwalimu mkuu ana mamlaka kiasi gani, mtoto aadhibiwe vipi, na kanisa lililoanzisha shule lina sauti gani ndani yake.

Nia yetu leo si kuusifu wala kuulaani mswada wowote. Hoja yetu ni moja tu, na twaomba ieleweke vizuri. Kumshauri mtu ni kumwuliza wakati ambapo jibu lake bado laweza kubadilisha neno lililoandikwa. Kumwita baada ya neno kukatwa, hata kama ataketishwa kiti cha mbele na kupewa soda, ni kumwarifu. Walimu, wazazi na wanafunzi wa Kenya wameitwa mara nyingi kuarifiwa. Wanadai kushauriwa.

Historia yetu yashuhudia. Mwaka 1981 jopo lililoongozwa na Mackay, ambalo kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza uwezekano wa kuanzisha chuo kikuu cha pili, lilipendekeza pia mfumo wa 8-4-4. Januari 1985 mfumo huo ukaanza kutekelezwa. Mzazi hakuitwa shuleni kuulizwa kama aliutaka. Aliitwa kuelezwa kwamba karakana ya useremala na chumba cha sayansi kimu vyahitajika haraka, naye alete mchango wake wa harambee. Mwalimu naye alikabidhiwa masomo ambayo pengine hakuwahi kufunzwa jinsi ya kuyafundisha. Watoto wa maskini, ambao wazazi wao hawakuwa na cha kuchanga, wakasoma ufundi kwa kuandika daftarini majina ya vyombo ambavyo hawakuwahi kuvishika.

Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1998, iliundwa Tume ya Koech. Hiyo ilizunguka nchini na kukusanya maoni ya wananchi, na katika ripoti yake ya 1999 ikapendekeza kwamba mfumo wa 8-4-4 uondolewe. Serikali ya wakati huo ikaiweka ripoti kando. Hivyo basi, mara ya kwanza hatukuulizwa. Mara ya pili tuliulizwa, lakini hatukusikizwa.

Mfano wa tatu ni wa juzi tu. Jopokazi la Profesa Munavu lilifika katika kaunti na kupokea maoni, na kwa hilo lastahili shukrani. Lakini Desemba 2022, miezi minane kabla ya ripoti kamili kutolewa, ilitangazwa kwamba madarasa ya Sekondari Msingi yatakuwa katika shule za msingi, na Januari 2023 watoto wa Gredi ya 7 wakaingia. Wazazi wengi walifurahia uamuzi huo, kwa kuwa mtoto wa miaka 12 hakulazimika kupelekwa bwenini. Hatuwalaumu, wala hatusemi kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa mbaya. Twasema kwamba yalikuwako maswali ambayo mwalimu yeyote wa kijijini angeyauliza siku ya kwanza: Maabara iko wapi? Nani atafundisha sayansi? Mwalimu wa madarasa hayo atakuwa chini ya nani, na ataajiriwa kwa masharti gani? Maswali hayo hayakupata majibu mezani, yakaenda kutafuta majibu kwingine. Mwaka 2024 walimu vibarua wa Sekondari Msingi waliingia barabarani kwa mgomo, na Aprili mwaka huo mahakama ya masuala ya ajira ikaamua kwamba mpango wa kuwaajiri kama wanagenzi ulikiuka haki zao. Anayelipa gharama ya mashauriano yaliyorukwa ni mtoto aliyeketi darasani wiki nzima bila mwalimu.

Ndugu msomaji asidhani kwamba tunaomba fadhila. Tunadai haki iliyoandikwa. Ibara ya 10 ya Katiba yautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa yanayomfunga kila mtumishi wa umma atungapo au atekelezapo sheria. Ibara ya 118 yaliamuru Bunge lifanye shughuli zake waziwazi na liwawezeshe wananchi kushiriki katika utungaji wa sheria. Ibara ya 53 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na yasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo yatangulie mengine yote.

Mahakama zetu nazo zimenena. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katika uamuzi huo Jaji George Odunga alieleza kwamba watunga sheria wapaswa kuwafikia watu mahali walipo: makanisani, misikitini, mahekaluni, katika mabaraza, na kwa njia ya redio za taifa na za lugha za mama. Novemba 2019 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya tumbaku dhidi ya Wizara ya Afya, ikasisitiza kwamba ushirikishaji uwe wa kweli na usiwe wa kujipamba, na kwamba wananchi wawezeshwe kuelewa jambo wanaloulizwa. Kwa hiyo tangazo la nusu ukurasa gazetini, kwa Kiingereza cha mawakili, likitoa siku chache za kupeleka maoni Nairobi, haliwezi kuitwa ushirikishaji na mtu anayeheshimu maana ya maneno.

Yako majibu tunayopewa kila tunapodai haya, nayo yafaa kuangaliwa kwa haki.

La kwanza ni kwamba tumekwisha kuwachagua wabunge, basi tuwaachie kazi yao. Twajibu kwamba mbunge ni mjumbe, na mjumbe asiyerudi kwa aliyemtuma huwa amejituma mwenyewe. La pili ni kwamba elimu ni taaluma, na taaluma ni ya wataalamu. Ni kweli kwamba hatutarajii kila mzazi ajue kupanga mtaala. Lakini mzazi ndiye mtaalamu wa mfuko wake, na mwalimu ndiye mtaalamu wa darasa lenye wanafunzi sabini. Tume haina haja ya kubahatisha mambo ambayo watu hawa wayajua kwa kuyaishi. La tatu ni kwamba mashauriano huchelewesha kazi. Hapo twauliza: mgomo hauchelewishi? Kesi haichelewishi? Sheria ikipingwa mahakamani miaka miwili kwa sababu wananchi walirukwa, ni muda gani uliookolewa?

La nne ndilo linalotuhuzunisha zaidi, kwa kuwa hutoka hata vinywani mwa watu wema. Husemwa kwamba wanafunzi ni watoto, na watoto hawajui wanachotaka. Sheria haisemi hivyo. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na Ibara ya 12 ya mkataba huo yampa mtoto mwenye uwezo wa kufikiri haki ya kutoa maoni yake katika kila jambo linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yenyewe yamtaja mwakilishi wa baraza la wanafunzi kuwa mjumbe wa halmashauri ya shule kwa wadhifa wake. Mlango umefunguliwa, lakini katika shule nyingi mwanafunzi huyo huitwa kusoma risala na kutoka nje kabla ya mambo yenyewe kuanza.

Tena, liko jambo zito kuliko vifungu vya sheria. Machi 2001 wavulana 67 waliangamia katika moto wa bweni shuleni Kyanguli, Machakos. Septemba 2024 watoto 21 walifariki katika moto wa bweni shuleni Hillside Endarasha, Nyeri. Hatusemi kwamba misiba hii ilikuwa na chanzo kimoja, wala hatutaki kuwahukumu waliokwisha kuteseka. Lakini kule Kyanguli mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Nani alilijua jambo hilo kila usiku, kabla ya mkaguzi yeyote kulijua? Ni yule aliyelala mle. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi akiwa na mahali pa kusema kwamba mlango hufungwa, kwamba vitanda vimesongamana, kwamba chakula hakitoshi au kwamba mwalimu fulani hupiga, na akisema bila kuogopa kufukuzwa, basi shule imepata mlinzi. Akinyimwa mahali hapo, hasira yake itajitafutia njia nyingine, na sote twaijua njia hiyo.

Sasa twageukia kanisa, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni waumini na shule nyingi nchini zilianzishwa na makanisa. Kila mswada wa elimu utokeapo, sauti ya kanisa husikika kwa haraka kuhusu haki za mfadhili: viti vyake katika halmashauri, ardhi ya shule, na ulinzi wa mapokeo yake ya kiroho. Hayo ni madai halali, na hatuyapingi. Lakini kanisa lililotoa sauti dhidi ya kura za mlolongo na dhidi ya udikteta wa chama kimoja haliwezi kufika mbele ya kamati ya Bunge kujitetea lenyewe tu. Likumbuke yaliyotukia kuanzia mwaka 1929, wakati mzozo kati ya misheni na waumini wa Agikuyu ulipowafanya wazazi wengi wajitoe na kujenga shule zao huru, hata wakaanzisha chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari. Hatuitetei mila ya kuwatahiri wasichana iliyozusha mzozo huo. Twalisema lililo wazi, kwamba mzazi aliyezoea kupewa amri na wenye shule hatimaye huondoka na kwenda kujenga yake. Kanisa linalodai kushauriwa na Serikali lianze kwa kuwashauri wazazi, walimu na wanafunzi wa shule linazozifadhili.

Madai yetu basi ni haya matano, nayo twayaelekeza kwa Wizara ya Elimu, kwa Bunge la Taifa na kwa Seneti.

Kwanza, mswada wowote wa shule utolewe pia kwa Kiswahili, pamoja na muhtasari usiozidi kurasa chache, na nakala ifike katika kila shule ya umma. Ibara ya 120 ya Katiba yasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwananchi asiyeelewa maandishi hawezi kusemwa kwamba ameulizwa. Wasioona wapate nakala ya nukta nundu, na wasiosikia wawe na mkalimani.

Pili, mashauriano yapewe muda usiopungua siku 60, na muda huo usiangukie msimu wa mitihani ya taifa. Vikao vifanyike shuleni na katika wadi, si katika makao makuu ya kaunti pekee, kwani mama wa Loima au wa Tana Delta hana nauli ya kwenda kutoa maoni ya dakika tatu.

Tatu, wanafunzi wawe na vikao vyao wenyewe, wakichaguliwa na wenzao, bila mwalimu mkuu wala mwanahalmashauri kuwa chumbani. Majina yao yasiandikwe, wala asiwepo mwanafunzi wa kuadhibiwa kwa alilolisema.

Nne, mwalimu awe huru kusema akiwa mwalimu, iwe kupitia chama chake au kwa jina lake mwenyewe, pasipo kuogopa barua ya uhamisho. Chama cha walimu cha KNUT kilianzishwa mwaka 1957, kabla ya uhuru, na vyama vya walimu ni sehemu ya historia ya demokrasia katika nchi hii. Visichukuliwe kama adui wa kufichwa rasimu.

Tano, wananchi wajibiwe. Oktoba 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba hakuna sharti la wazi linalolilazimisha Bunge kutoa sababu za maandishi kwa kila pendekezo la wananchi linalokataliwa, ingawa ni desturi njema kufanya hivyo. Twaiheshimu mahakama. Lakini lisilolazimishwa na Katiba laweza kuamriwa na sheria, nasi twataka sheria ya elimu yenyewe iseme: kila kanuni itakayotungwa chini yake iambatane na taarifa inayoonyesha wananchi walisema nini, lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, na kwa nini.

Kudai hakutoshi. Iko kazi ambayo msomaji wetu aweza kuifanya mwenyewe mswada utakapotangazwa, nayo haihitaji wakili. Kamati ya haki na amani ya parokia, chama cha kina mama, au jumuiya ndogo ya waumini iombe nusu saa baada ya ibada, kwa Jumapili tatu mfululizo. Asomaye Kiingereza amsomee asiyesoma, kifungu kwa kifungu. Kwa kila kifungu waulize maswali matatu: Kitamfanyia nini mtoto aliye maskini kuliko wote katika shule yetu? Kinampa nani mamlaka, na nani atamhoji? Fedha zake zitatoka wapi?

Wakisha kukubaliana, waandike. Wasiandike tu kwamba wanaupinga mswada. Waandike kwamba kifungu fulani kisomeke hivi badala ya vile, na sababu yake ni hii. Kamati ya Bunge yaweza kulipuuza lalamiko la jumla bila shida, lakini si rahisi kuyapuuza maneno yaliyo tayari kuingizwa katika mswada. Waweke sahihi zao na jina la kijiji au mtaa wao, kisha waipeleke barua kwa Karani wa Bunge. Wabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni ushahidi, na siku moja waweza kuhitajika mahakamani. Mswada ukiwa unazihusu kaunti, ambazo Katiba imezikabidhi elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, nakala nyingine iende Seneti.

Watakuwako watakaotuambia kwamba ni kazi bure, kwamba mambo hupangwa juu na wananchi huitwa kupiga makofi. Twawajibu kwamba ndivyo walivyotuambia pia kuhusu sehemu ya 2A. Sheria inayotungwa bila watu huhitaji askari ili itiiwe, lakini sheria ambayo mzazi, mwalimu na mwanafunzi wameuona mkono wao ndani yake huwa na walinzi katika kila nyumba. Serikali ichague ipi kati ya hizo mbili yataka kuwapa watoto wa Kenya. Sisi tumekwisha kuchagua.